Kilele cha Kibo na Majina ya Waliopanda
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya mlima Kilimanjaro. Nakiri mapema kwamba kileleni sikufika. Nilipojaribu nilifika Horombo tu, kichwa kikaniuma hata nisiweze kunywa uji, nikateremshwa kwa kushikwa mkono kama bwana arusi. Basi nisemayo leo ni ya vitabuni, wala si ya miguu yangu.

Mlima una vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na Kibo ndicho kirefu kupita vyote, mita 5,895. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, naye akajibu kuwa ni baridi. Jibu hilo lilikuwa sawa kuliko majibu ya wataalamu. Kule London bwana mmoja, W. D. Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima wenyewe, alishika kalamu akakana kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Ubishi huo ulidumu miaka mingi, hata Baron von der Decken alipopanda na Otto Kersten mwaka wa 1862, theluji ikawaangukia juu ya hema. Mwaka wa 1871 Charles New akaifikia theluji kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa nafika kwa Hans Meyer wa Leipzig. Mara ya kwanza, mwaka wa 1887, alizuiwa na barafu. Mara ya pili, mwaka wa 1888, hata mlima hakuufikia, maana alikamatwa katika vita vya Abushiri, akafungwa minyororo mpaka alipotoa fidia. Mwaka wa 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa michezo ya viungo kutoka Salzburg, hodari wa kupanda milima ya kwao. Walipokewa Marangu na Mangi Mareale, wakapanda.

Yafaa tutazame namna walivyopanga safari, kwa kuwa hapo ndipo siri ilipo. Wale waliotangulia walishindwa mara nyingi kwa njaa: chakula kilipokwisha, safari nayo ilikwisha. Meyer aliweka kambi penye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kwenye urefu wa mita 4,300 hivi, na wapagazi walikuwa wakipanda kila baada ya siku chache kumletea chakula na kuni kutoka kambi ya chini. Tarehe 3 Oktoba Wazungu wale wawili walichonga ngazi katika barafu kwa shoka wakafika ukingoni mwa shimo la Kibo, lakini saa zilikuwa zimekwenda, wakarudi kambini. Tarehe 6 Oktoba wakafika juu kabisa. Meyer akakipa kilele jina la Kaizari wake, akachukua na jiwe la kumpelekea. Jina hilo halipo tena. Mwaka wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge huko, na sasa kinaitwa Uhuru.

Pale kambini, mabwana, ambapo usiku maji huganda sufuriani, hawakuwa wawili tu. Alikuwapo Muini Amani, mtu wa Pangani, mzaliwa wa pwani yenye joto, aliyebaki akipika na kulinda hema siku zote hizo. Meyer alimtaja kwa jina katika kitabu chake, nasi twamshukuru kwa hilo. Lakini wapagazi wengi wamebaki kuwa hesabu tu.

Ilipotimia miaka 100, mwaka wa 1989, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa ndiye aliyeongoza safari ile. Alifariki mwaka wa 1996. Wako wanaotilia shaka umri wake, maana ungepita miaka 120, na wako wanaoutetea. Mimi karani nasema hivi: mstari mmoja katika daftari ungalimaliza shauri lote.

Wala siwalaumu Wazungu peke yao. Miaka saba iliyopita niliandika hati ya malipo ya safari ya kupima barabara, nikaandika, "vibarua 14." Mmoja wao akavunjika mguu mtoni. Mkewe alipokuja kudai haki yake, mhasibu akauliza jina la mumewe li wapi katika hati. Halikuwamo. Ilimpasa mama yule kuzunguka miezi mitano akitafuta mashahidi, na kila alipopita dirishani kwangu nilijifanya natafuta faili. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Basi naomba Kamati iingize shauri hili katika mkutano ujao: kila hati ya safari ifuatane na karatasi ya majina, jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake, hata kama msafara ni wa siku moja. Mfano wa karatasi hiyo nimekwisha kuupiga chapa, uko mezani kwa Bwana Mwandishi.