Arubuni Yako Si Sadaka

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, leo tuzungumzie arubuni, zile pesa za kushikia nyumba ambayo haijajengwa. Kijana anataka kuoa, anajibana, anaonyeshwa picha ya fleti nzuri, anaambiwa alipe, mwakani atapewa ufunguo. Miaka mitatu yapita, kwenye ploti pana nguzo nne na mbuzi wanalisha. Ukipiga simu: "Kesho, inshallah." Jamani, inshallah si pazia la kujifichia!

Mimi yalinifika. Nilinyamaza miaka miwili kwa haya, maana mwenye mradi tulikuwa tukiswali safu moja. Harusi yangu ikasogezwa, naye wala hakuulizia.

Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu arubuni. Wengi hawakuikubali. Imam Ahmad aliijuzisha, na mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa likaipitisha iwapo muda umewekwa. Lakini hata kwa walioijuzisha, muuzaji hubaki nayo pale mnunuzi anapojitoa mwenyewe. Akishindwa yeye muuzaji, aizuie kwa haki gani? Hiyo ni kula mali ya mtu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 188.

Basi ufanyeje?

Kwanza, soma mkataba. Tafuta tarehe ya kukabidhiwa na kifungu cha kurudishiwa pesa. Weka risiti na meseji za M-Pesa. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo yatuamrisha kuandikiana, sisi twaamini maneno ya mdomo tu!

Pili, andika barua: ulilipa lini, kiasi gani, uliahidiwa nini. Wape siku maalum, tuseme 21. Nakala yako ipigwe muhuri wao.

Tatu, wakiwa na dhiki ya kweli, wape muda, kama aya ya 280 inavyofunza, lakini kwa maandishi. Anayeanzisha mradi mwingine mtaa wa pili hana dhiki huyo. Mtume (SAW) amehesabu kuwa ni dhulma mwenye uwezo kuchelewesha deni.

Nne, mahakama. Usimwendee Kadhi kwa hili. Katiba ya 2010 imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, waweza kujisimamia bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Dai kurudishiwa pesa, si kupewa nyumba. Dai rasilimali yako. Riba tuwaachie wenyewe. Na usilale: dai la mkataba lina muda wa miaka 6 tu.

Mimi barua ilitosha. Nililipwa kwa mafungu matatu, na safu bado ni moja.

Na wewe uliyeshika pesa za watu, huenda umo humu ndani. Umefunga tangu alfajiri, mashallah. Ukienda kufuturu leo, jiulize ile tende ni ya pesa za nani.

Allah atukinaishe na halali. Wabillahi tawfiq.