Duka Lisilo na Mlango



Siku hizi ni nadra kikundi cha akina mama au cha vijana kufika mbele ya afisa maendeleo ya jamii bila kulitaja neno mtandao. Zamani maombi yalikuwa ya cherehani, mashine ya kukoboa na kuku wa mayai. Leo cherehani bado imo, lakini chini yake umeongezwa mstari mpya: duka la mtandaoni. Jambo hilo si baya hata kidogo. Ila maombi yenyewe yakisomwa kwa makini, aghalabu huonekana kwamba fedha zote zimepangiwa kompyuta na fundi wa kutengeneza tovuti, wala hapana mahali palipoelezwa mzigo utamfikiaje mnunuzi. Afisa hupiga muhuri. Mwalimu aliyeombwa kuliandika andiko hilo hushukuriwa kwa soda. Na mkopo huanza kuhesabiwa siku.

Fedha zenyewe si za mchezo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, kwa kuwa marejesho yalikuwa na kasoro nyingi. Kila shilingi inayopotea katika tovuti isiyouza kitu ni shilingi iliyonyimwa kikundi kingine kilichokuwa kikingoja zamu. Kwa hiyo yawapasa wanaoandika maombi na wanaoyapitisha wajue duka la namna hii ni kitu gani hasa.

Na utwaliwe mfano wa wasukaji wa vikapu vya milulu huko Iringa, kazi ambayo akina mama wa Kihehe wameirithishana na ambayo sifa yake imekwisha kuvuka mipaka ya nchi. Tarakimu zitakazotajwa ni za mfano tu, lakini mwenye kuijua biashara hiyo hataziona ngeni. Msukaji anamwuzia dalali kikapu kwa shilingi 15,000. Siku moja anaona katika simu ya mwanawe kikapu kama chake kikiuzwa Dar es Salaam kwa shilingi 30,000. Moyo unamwuma, na ni haki umwume. Anasema: dalali ananinyonya, heri nifungue duka langu mtandaoni niuze mwenyewe.

Basi afungue. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kutoka Iringa. Kikapu kinapakiwa katika basi kwa shilingi 4,000. Kituoni Mbezi kinachukuliwa na kijana wa bodaboda, naye anataka 5,000 mpaka nyumbani kwa mteja. Boksi, gundi na kamba ni 1,500. Makato ya kupokea na kutoa fedha katika simu ni 1,000. Jumla 11,500. Katika zile shilingi 30,000 msukaji anabakiwa na 18,500, yaani 3,500 tu zaidi ya alizokuwa akipewa na dalali mlangoni pake, bila kupanda basi wala kupiga simu.

Hesabu haijakwisha. Mathalani katika vikapu kumi, kimoja kinarudishwa: rangi si ile iliyoonekana katika picha, au kimebonyea njiani. Vile tisa vimempa 166,500. Cha kumi kimemla gharama za kwenda 11,500 na za kurudi 9,000. Amebaki na shilingi 146,000 na kikapu kimoja mkononi, ambacho akimpa dalali atapata 15,000. Jumla yote ni 161,000. Dalali angempa 150,000 kwa vikapu kumi. Tofauti ni shilingi 11,000, na bando la mwezi bado halijalipwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dalali amezoeleka kutajwa kama kupe, na wapo walio kupe kweli. Lakini katika ile tofauti ya bei, dalali alikuwa akifanya kazi: akibeba mzigo, akingoja mnunuzi, akipokea matusi ya mteja aliyeletewa kikapu kilichopinda, akikopesha na pengine asilipwe. Duka la mtandaoni haliziondoi kazi hizo. Linamkabidhi msukaji azifanye yeye, juu ya kusuka. Kikundi kisichojua nani miongoni mwake atazifanya, na kwa ujira gani, hakijafungua duka. Kimemfukuza mchukuzi tu.

Je, wasukaji warudi kwa dalali wakae kimya? La. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha pa kushika. Vikapu vya ukubwa mbalimbali huingiana kimoja ndani ya kingine. Kumi vikifungwa pamoja na kutumwa mara moja kwa mtu anayeaminika Dar es Salaam, pengine mwanakikundi aliyeolewa huko, nauli ya basi haiwi 40,000 bali labda 12,000, na shilingi 28,000 zimeokolewa kwa kufunga kamba vizuri. Nauli ya bodaboda nayo itajwe peke yake tangu mwanzo, ilipwe na mnunuzi, kwa maana anayekaa Kigamboni na anayekaa Kimara hawawezi kutozwa sawasawa. Mabadiliko hayo mawili yana faida kuliko tovuti yoyote ya kupendeza macho. Wala hayahitaji kompyuta.

Tovuti yenyewe ni jambo jepesi kuliko wengi wanavyodhani, na hapana haja ya kulikuza. Tangu mwaka 2018 ipo programu ya WhatsApp Business, isiyolipiwa, na tangu 2019 ina katalogi ambamo mfanyabiashara huweka picha, maelezo na bei ya kila bidhaa. Kwa kikundi chenye bidhaa ishirini, huo ni mwanzo wa kutosha kabisa. Kikikua, zipo programu kama WordPress, iliyotoka mwaka 2003, na WooCommerce ya mwaka 2011 inayofanya kazi ndani yake. Zote mbili hupatikana bure, ingawa mahali pa kuihifadhi tovuti na jina lake, kama vile jina linaloishia na .co.tz, hulipiwa kila mwaka. Zipo pia huduma za kukodi za nchi za nje, ambazo hulipwa kwa mwezi na kwa dola. Kikundi kinachouza kwa shilingi kifikiri mara mbili kabla ya kujitwika deni la dola.

Lakini jina hilo la tovuti liandikishwe na nani? Swali hili halina budi kuulizwa. Mara nyingi fundi huliandikisha kwa jina lake na nenosiri hubaki kichwani mwake. Siku atakapokosana na kikundi au kupata kazi Mwanza, duka limekwenda naye. Barua pepe, namba ya simu ya duka na nenosiri ni mali ya kikundi kama lilivyo sanduku la fedha, na yafaa ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Yafaa vilevile kukumbuka kwamba anayepanga kibaraza cha mtu huondoka siku mwenye nyumba apendapo. Jumia, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake za Tanzania mwezi Novemba 2019. Aliyekuwa ameweka bidhaa zake zote humo alilazimika kutafuta mahali pengine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Na tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini iliidhoofisha intaneti ya Afrika Mashariki. Siku kama hizo, mwenye daftari la karatasi lenye majina na namba za wateja wake aliweza kupiga simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na simu janja.

Daftari hilo nalo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimruhusu mfanyabiashara kugawa ovyo namba na makazi ya watu aliopewa kwa ajili ya kuwafikishia mzigo.

Sasa lije suala la kuaminiwa, ambalo ndilo mlango wa duka lisilo na mlango. Katika duka la kawaida mnunuzi hushika kitu, hukigeuza, hukinusa, kisha hutoa fedha. Mtandaoni anaombwa atoe fedha kwa picha. Wachina walikutana na tatizo hilo mapema. Duka lao la Taobao lilipoanzishwa mwaka 2003 watu waliogopa kulipa kabla ya kuona na wauzaji waliogopa kutuma kabla ya kulipwa. Ndipo ukaletwa utaratibu wa Alipay: fedha za mnunuzi hushikwa na mtu wa tatu mpaka mnunuzi akiri kwamba mzigo umefika. Kampuni ya eBay, iliyokuwa na nguvu na jina kubwa duniani, ilishindwa kufua dafu mbele ya Taobao, na mwishoni mwa 2006 iliacha kuiendesha yenyewe tovuti yake ya China.

Kikundi cha Iringa hakina Alipay. Lakini kinaweza kuwa na mtu wake Dar es Salaam ambaye mnunuzi hukikagua kikapu mbele yake ndipo akalipa. Na malipo yawe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, si kwa namba ya simu ya katibu. Katika nchi ambamo kila mwenye simu amewahi kupata ujumbe wa tapeli unaomwambia fedha aitume katika namba nyingine, mnunuzi anayeona jina la mtu asiyemjua kabla ya kuingiza namba yake ya siri ana haki ya kurudi nyuma. Akiona jina lile lile aliloliona katika katalogi, anatulia.

Kuna tabia moja inayostahili kukemewa bila haya. Muuzaji anaweka picha nzuri ya kikapu, na chini yake, mahali pa bei, anaandika: njoo faragha. Bei inakuwa siri kama posa. Mnunuzi huingia huko faragha, akaulizwa yuko wapi na anafanya kazi gani, na bei hupimwa kwa majibu yake. Huo ni ulanguzi uliovaa nguo mpya. Mwalimu wa Njombe mwenye dakika kumi kati ya vipindi viwili hana nafasi ya mazungumzo hayo. Atakwenda kwa muuzaji aliyeandika tarakimu. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo imeutambua mkataba uliofungwa kwa njia hizi kuwa ni mkataba kamili, ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Bei iliyofichwa haiendi pamoja na nia ya sheria hiyo.

Habari za kusajili jina la biashara kwa BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri zinajulikana kwa wasikilizaji, na hapana haja ya kuzirudia. Yatosha kusema kwamba duka kuwa mtandaoni hakuliondolei hata moja katika hayo.

Jambo moja limerahisika kuliko zamani. Katika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, iliendeshwa Operesheni ya Anwani za Makazi, na barabara na nyumba nyingi zikapewa majina na namba. Vibao vile watu wengi huvitazama kama mapambo ya serikali. Kwa duka la mtandaoni ni hazina. Mteja akiulizwa jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi yake yenye tarakimu tano, kijana wa bodaboda haendi tena kuuliza kwa mama muuza mihogo karibu na mwembe uliokatwa. Mteja akisema haijui namba ya nyumba yake, na wengi hawaijui, aombwe atoke nje akaitazame.

Hivyo ombi la mkopo likifika mezani, afisa asiulize kwanza tovuti itagharimu kiasi gani. Aulize nani atafunga mzigo, nani atajibu simu saa mbili usiku, nani Dar es Salaam atapokea, kikapu kikirudi nani anabeba hasara, na vikapu vingapi viko tayari leo, maana duka lenye picha thelathini na vikapu vinne ni duka la uongo. Mwalimu wa somo la utunzaji wa hesabu, kama yupo katika kata hiyo, anaweza kuwa na faida kwa kikundi kuliko fundi wa kompyuta. Jioni mbili zatosha kuwafundisha daftari la mauzo, la mizigo iliyotumwa na la iliyorudi.

Kisha, kabla ya mkopo kutolewa, lifanyike jaribio. Mtu asiyejuana na kikundi, mtumishi aliyehamishiwa Tunduru mathalani, aagize kikapu kimoja kwa fedha zake mwenyewe. Aandike saa aliyouliza na saa aliyojibiwa, bei aliyotajiwa mwanzo na aliyolipa mwisho, siku kilipopakiwa na siku alipokipokea. Baada ya hapo akirudishe, aone fedha zake zitarudi kwa siku ngapi. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye faili la maombi. Kikapu kikifika kimebonyea, au kisipofika kabisa, halmashauri itakuwa imeyajua hayo kwa bei ya kikapu kimoja.