Bunduki Mikononi mwa Raia: Ombi Lipelekwe Bungeni



Swali moja hurudi kila mara barazani: mbona mwananchi asirahisishiwe kumiliki bunduki ajilinde? Anayeuliza ana sababu. Huku Kibwezi, ndovu hutoka Tsavo usiku na kumaliza shamba la msimu mzima. Mashariki mwa Kitui, mizozo ya malisho kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia imeua watu.

Jibu la kwanza ni la sheria. Nchini Marekani, haki ya raia kuwa na silaha imo katika Katiba tangu 1791. Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kama hicho. Hapa inatumika Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Anayetaka bunduki huomba cheti na kutoa sababu, na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki inaweza kukubali au kukataa. Kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai.

Jibu la pili: Kaunti haiwezi kubadilisha sheria hiyo. Jedwali la Nne la Katiba limeweka polisi na usalama chini ya Serikali ya Kitaifa. Mwakilishi wa wadi akilaumiwa kwa jambo hili, analaumiwa bure.

Hata hivyo, mwananchi hajafungwa mdomo. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, hata kwa mkono. Lieleze hatua ambazo tayari zimechukuliwa, kama kuna kesi mahakamani, na jambo hasa linaloombwa. Liwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya dole gumba.

Kabla ya kutia sahihi, wakazi wakubaliane wanaomba nini. Je, ni leseni rahisi kwa kila boma? Bunduki ya nyumbani haimngoji jambazi peke yake; mlevi, mtoto au mwizi anaweza kuishika kwanza. Au ni polisi wa akiba zaidi, wenyeji waliochujwa na kufunzwa, wanaobeba silaha za Serikali? Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 tayari inawatambua. Bunge linaweza kuombwa liimarishe mafunzo, posho na usimamizi wao. Kuhusu ndovu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa fidia, ikiwemo shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa. Kumwomba mbunge ahakikishe fidia inalipwa kwa wakati huenda kukamfaa mkulima kuliko risasi.

Kwa sasa, ndovu wakionekana, KWS ijulishwe mapema. Penye silaha haramu, chifu au kituo cha polisi kiambiwe. Na penye neno la kubadilisha sheria, liandikwe, litiwe sahihi, lifike Bungeni.