Pingamizi lako liliishia wapi? Mazungumzo na vijana wa Kitale na Bungoma

Leo tuongee kuhusu barua. Ile barua watu wa mtaa wanaandika, wanaweka sahihi, wanapeleka kauntini kulalamika kwamba jirani anainua ghorofa nne mahali hata mtaro wa maji taka hakuna. Pale mapokezi inapigwa muhuri, unarudishiwa nakala. Halafu kimya. Ukirudi kuuliza unaambiwa faili iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Wewe unaenda nyumbani, fundi anaendelea kumwaga zege.

Wengi wenu mtasema ni hongo. Inaweza kuwa. Lakini hata bila hongo, utaratibu wenyewe umeegemea upande mmoja, na hilo ndilo nataka mlielewe.

Tuna sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Kifungu cha 58 kinasema anayetaka kujenga autangazie umma, na tangazo liwaalike wananchi wapeleke pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Vizuri. Sasa kifungu hicho hicho kinasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabiwe amepewa kibali. Mmeona hapo? Kaunti ikinyamaza, mjenzi amepata. Wewe uliyepinga, kaunti ikinyamaza, umepata nini? Kimya ni kimoja, lakini kwake ni ndiyo na kwako ni hapana.

Twende mbele. Hukuridhika na uamuzi, kifungu cha 61 kinakupa siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, ile maafisa wanaiita Liaison Committee. Kamati nayo ina siku 14 kuamua, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Shida ni kwamba siku zako 14 zinaanza uamuzi ukitolewa, sio siku wewe umeusikia. Na nani atakuja Tuwan au Kanduyi kukugongea mlango akwambie uamuzi umetoka?

Utasema basi niombe taarifa, Katiba kifungu cha 35 kinaniruhusu. Kweli. Lakini sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Piga hesabu mwenyewe. Jibu linaweza kufika rufaa ishakufa.

Kwa hivyo usingoje. Siku ile unapeleka pingamizi, peleka na barua ya pili: tunaomba tujulishwe uamuzi kwa maandishi, tarehe yake na sababu zake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya sababu zilizoandikwa kama uamuzi unaumiza haki yako. Zote mbili zipigwe muhuri.

Lamu walishinda hivyo, kwa makaratasi. Ule haukuwa mradi wa nyumba, ulikuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Rufaa iliwekwa 2016, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka mitatu, ndio, sitawadanganya.

Na tusidanganyane pia kwa hili: kuna wenye ploti wanaopinga ghorofa kwa sababu tu wanaogopa kodi itashuka. Nyumba zinahitajika, vijana mnaoa na hamna pa kukaa. Mimi sisemi kila pingamizi likubaliwe. Nasema lijibiwe. Lipewe nambari, lisomwe, na kama limekataliwa mtu aambiwe limekataliwa kwa nini, kabla siku zake 14 hazijaisha. Hilo kaunti zote mbili zinaweza kulianza bila kungoja Bunge libadilishe sheria.

Walio na barua zenye muhuri ambazo hazijajibiwa, leteni nakala. Tutaandika maombi ya taarifa pamoja, kila moja na tarehe yake.