Maneno ya Mkutanoni: Kuotea



Jumapili tulimzonga refa mpaka filimbi yake ikapotea, eti wenzetu wamefunga kwa kuotea. Jamani, mpira ule ulirushwa kwa mikono! Ukiupokea moja kwa moja kutoka kwa mrushaji, hakuna kuotea. Kona vilevile: Julai 25, 2021, uwanja wa Lake Tanganyika hapa hapa Kigoma, Lwanga wa Simba aliwafunga Yanga kwa mpira wa kona, 1-0, kombe likaenda.

Kuotea ni hivi: mwenzako anapopiga pasi, wewe uko nusu ya wapinzani, umeutangulia mpira, na mbele yako amebaki mpinzani mmoja tu, mara nyingi kipa. Ukiwa sambamba na beki wa mwisho, hujaotea.

Basi bao lile halali, tumefungwa. Kesho jioni tunakwenda kwa refa kuomba radhi. Filimbi mpya tumeshanunua.