Nchi Jirani: Kenya na Mzani wa Kupimia Umaskini wa Mwanafunzi

Tarehe 20 Desemba mwaka 2024, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba utaratibu mpya wa serikali wa kuwagharimia wanafunzi wa vyuo vikuu ulikuwa wa kibaguzi na ulikwenda kinyume cha katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa hukumu hiyo. Wako walioichukua habari hii kuwa ugomvi wa mawakili. La hasha. Kiini chake ni swali linaloikabili kila serikali inayotaka kuwasaidia watoto wa wananchi kusoma: nani ni maskini, nani atampima, na kwa mzani upi?

Swali hilo linawagusa wanajeshi na polisi kwa namna mbili. Kwanza, askari ni mzazi, naye ni mzazi ambaye mapato yake yameandikwa kwenye hati ya mshahara mpaka senti ya mwisho. Pili, wanafunzi wanapoingia barabarani kudai fedha zao, ni askari anayeamriwa kwenda kusimama mbele yao. Ni vema basi, ndugu msikilizaji, jambo hili lifahamike tangu mizizi yake.

Mikopo ya wanafunzi si jambo jipya kwa Kenya. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1952, kwa ajili ya Wakenya waliokwenda kusoma ng'ambo. Baada ya uhuru mfuko huo ulisimama. Mwaka 1974 serikali huru ilianzisha mpango wake yenyewe, ukiwahudumia Wakenya waliosoma katika vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Haukuwa na nguvu ya sheria ya kudai marejesho, na wakopaji wengi pamoja na wazazi wao waliamini kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe, kwa hiyo hailipwi. Fedha zilitoka, nazo hazikurudi. Ndipo mwaka 1995 Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kuipa mamlaka ya kumdai mkopaji na kumlazimisha mwajiri wake akate mshahara.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, serikali ilipeleka ruzuku moja kwa moja kwenye vyuo, na mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alidaiwa ada ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka. Ada hiyo haikubadilika huku gharama zikipanda, na ruzuku ya serikali ikawa haitoshi. Vyuo vikuu vya umma vikazama katika madeni.

Mwezi Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza utaratibu mwingine, ulioanza na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne mwaka 2022. Katika utaratibu huo fedha haziendi tena chuoni kwa jumla, bali humfuata mwanafunzi mmoja mmoja. Gharama kamili ya masomo hutajwa waziwazi, kisha hugawanywa mafungu matatu: ruzuku ya serikali, ambayo hailipwi, mkopo wa Bodi, ambao hulipwa, na mchango wa familia. Juu ya hayo huongezwa fedha za kujikimu, nazo ni mkopo vilevile.

Ukubwa wa kila fungu hutegemea kundi alilowekwa mwanafunzi. Mwaka 2023 makundi yalikuwa manne. Mwaka 2024 yakawa matano. Katika mpango huo wa 2024, kundi la kwanza, yaani la maskini kabisa, lilipangiwa ruzuku ya asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia kuchangia asilimia 5. Kundi la tatu lilipangiwa ruzuku ya asilimia 50, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 20. Kundi la tano lilipangiwa ruzuku asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 40. Fedha za kujikimu zilianzia shilingi 60,000 kwa mwaka katika kundi la kwanza, zikashuka hadi 40,000 katika kundi la tano.

Tuchukue mfano wa masomo yanayogharimu shilingi 300,000 kwa mwaka. Mzazi wa kundi la kwanza atatoa shilingi 15,000 tu. Mzazi wa kundi la tano atatoa 120,000. Hapo haki inaonekana. Lakini itazamwe pia hesabu ya deni. Kijana wa kundi la kwanza atakopa 75,000 za ada na 60,000 za kujikimu, jumla 135,000. Yule wa kundi la tano atakopa 90,000 na 40,000, jumla 130,000. Katika miaka minne, mtoto wa maskini kabisa atakuwa na deni la shilingi 540,000, na mtoto wa mwenye nafuu 520,000, kabla riba ya asilimia 4 kwa mwaka haijahesabiwa. Kwa maneno mengine, mpango huo ulimpunguzia mzazi maskini mzigo wa leo, lakini haukumpunguzia mtoto wake mzigo wa kesho.

Uchungu mkubwa zaidi ulitokana na upimaji wenyewe. Serikali ilitumia maelezo aliyoyajaza mwanafunzi katika fomu: hali ya wazazi, idadi ya watu nyumbani, ulemavu, eneo analotoka, na aina ya masomo. Maelezo hayo yakaingizwa katika mtambo wa kompyuta, nao ukatoa kundi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kompyuta haijui kwamba mtumishi mwenye mshahara analea watoto wa nduguye marehemu. Haijui kwamba mshahara huo umekwisha kukatwa mkopo wa benki kabla haujafika mkononi. Mfanyabiashara anaweza kutaja pato dogo kuliko alilo nalo, na ni vigumu kumkamata. Mwenye hati ya mshahara hana pa kujificha. Ndiyo maana katika kila nchi inayopima umaskini kwa karatasi, mtumishi wa ngazi ya chini, akiwamo askari, yu hatarini kuonekana tajiri kwa sababu tu anaonekana.

Wanafunzi wengi wa Kenya walilalamika kwamba wamewekwa katika makundi yasiyowahusu, wakakata rufaa. Mwaka 2024 viongozi wao waliitisha maandamano, na Rais akaunda kamati ya kuupitia utaratibu wote. Miezi michache baadaye ndipo Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wake, ikisema pamoja na mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapa pana funzo kwa wenye dhamana ya usalama. Kijana anayebeba bango kwa sababu jina lake limewekwa katika kundi asilolielewa si adui wa taifa. Ana swali ambalo halijajibiwa. Rungu haliwezi kulijibu. Linajibiwa na ofisi inayoeleza hesabu zake waziwazi, na rufaa inayosikilizwa kabla muhula haujaanza. Ofisi zinapokaa kimya, polisi hupelekwa kulipia ukimya huo barabarani, na chuki inayobaki humwangukia askari ambaye pengine naye ana mtoto katika chuo hichohicho.

Pamoja na hayo, haki ya mwanafunzi haiondoi wajibu wake. Sheria ya Kenya humtaka mkopaji aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Sheria hii ni kali, na inamlemea zaidi aliyehitimu asipate kazi. Lakini ilizaliwa na uzoefu wa mpango wa mwaka 1974, pale waliosoma waliposahau kwamba fedha walizokula ndizo zilizongojewa na wadogo zao. Dawa ya deni ni kulipa.

Tanzania nayo imeipita njia hiyohiyo. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitungwa mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyakazi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyofanya wengi walipe kila mwezi huku deni likipungua kwa shida. Tukio hilo lilionyesha kwamba kanuni za mikopo ni kazi ya mikono ya watu, na watu wanaweza kuzirekebisha bila kuvunja kioo hata kimoja.

Askari mwenye mtoto anayejiandaa kwenda chuo, awe Kenya au Tanzania, hana budi kuisoma karatasi ya mikopo kwa makini kama anavyosoma amri ya kazi. Ajue lipi ni ruzuku na lipi ni deni. Ajue mtoto amepimwa kwa maelezo gani, na mwisho wa kukata rufaa ni lini. Watoto wanaojitegemea mapema wanahitaji wazazi wanaowaeleza mapema kwamba sahihi waliyoitia wakiwa na miaka 19 itawafuata hadi utu uzima.

Kwa upande wa serikali za Afrika Mashariki, kesi ya Nairobi imeacha jambo moja wazi. Kumsaidia maskini ni wema, lakini kumpima ni hukumu, na anayehukumiwa ana haki ya kuujua mzani.