Kabla ya Kununua Mchezo wa Mapigano
Mchezo wa video wa mapigano, yaani ule ambamo wahusika wawili hupigana kwenye skrini hadi nguvu za mmoja ziishe, haupimwi kwa bei ya dukani pekee. Tekken 8, uliotolewa Januari 2024 na kampuni ya Bandai Namco ya Japani, ulianza na wahusika 32, lakini walioongezwa baadaye huuzwa kando. Aidha, haufanyi kazi kwenye mashine ya PlayStation 4, na kwenye PlayStation 5 kushindana kupitia intaneti huhitaji usajili wa kulipia. Kwa hiyo mnunuzi makini hujumlisha gharama zote, hukagua alama ya umri unaofaa kuucheza, na huzingatia kama nyumbani yupo mpinzani, kwa kuwa wawili wenye pedi mbili za kuchezea hucheza bila intaneti.